Neno Moja Mbele ya Kila Jina

Mama mkwe wangu hakuogopa wafu. Aliogopa makosa ya kuandika. Alianza kazi katika ofisi ya makaburi ya manispaa mume wangu akiwa bado anatambaa, na tangu hapo kila aliyezikwa katika mji huu alipita kwanza mikononi mwake: jina, umri, tarehe, namba ya kaburi. Kazini walimwita Mama Kifutio. Hata walipoletewa kompyuta aliendelea kutembea na kifutio cha mpira mfukoni mwa sweta, na kila karatasi iliyofika mezani kwake aliikagua kama mtu anayetafuta kunguni kwenye godoro.

Nilimjua vizuri. Tuliishi nyumba moja, na nyumba yenyewe ilikuwa yake, kwa hiyo sheria zote zilikuwa zake. Tena kibanda changu cha kushonea nguo kilitazamana na ofisi yao, ng'ambo ya barabara, na mchana ni mimi niliyempelekea chakula. Nilikaa kwenye benchi pembeni ya meza yake mpaka amalize, maana ukimwachia sahani ukaondoka, jioni unaikuta ilivyo. Sikumpenda siku zote. Nasema mapema asije mtu akadhani nasimulia habari za malaika. Alikuwa na kichwa kigumu, mdomo wake haukuwa na breki, na aliweza kukununia wiki nzima kwa sababu ya sufuria iliyosuguliwa ndani tu.

Mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee. Kazi yake ilikuwa kutengeneza madaraja. Mwaka wa mafuriko makubwa, yeye na wenzake walikuwa juu ya daraja wakifunga nondo wakati mto ulipokuja. Sitaki kueleza sana hapo. Daraja lilikwenda na waliokuwa juu yake, na nyumba za bondeni zilikwenda na waliokuwa wamelala ndani. Wengi walipatikana. Wangu hakupatikana. Tulizunguka hospitali zote, tukatembea kingo za mto mpaka kule unakopotelea kwenye matete na tope, tukarudi mikono mitupu.

Hapo ndipo mama mkwe alipokata kauli: bila maiti hakuna msiba. Jamaa waliokuja kulia nasi aliwazuia mlangoni, mikono kiunoni.

"Mmekuja kumlilia nani?" aliwauliza. "Nendeni majumbani kwenu. Akirudi nitawaita."

Shangazi yake mume wangu, mtu mzima, alisimama pale na khanga yake mkononi asijue ajifute machozi au aikunje. Mwishowe aliikunja, wakaondoka.

Miaka ikapita. Katika nyumba yetu mume wangu hakuwa hai na hakuwa amekufa, alikuwa ametoka. Ukisema "alikuwa mrefu," mama mkwe anakurekebisha papo hapo bila kuinua uso: "Ni mrefu." Kufuli la geti liliota kutu, kila jioni tukawa tunalisukuma geti kwa bega kama wezi, lakini kulibadilisha alikataa, kwa sababu mwanawe alikuwa na ufunguo wake. Binti yetu alipoanza shule alirudi siku moja akasema mwalimu anataka wazazi wote waandikwe, kwa baba aandike nini? Bibi yake akamjibu, "Andika yuko safarini."

Nilikuwa bado kijana, na nilikuwa mke wa mtu aliye safarini. Wanaume walioniheshimu walipita mbali, na wasioniheshimu walipita karibu. Sikujua nimlilie mume wangu au nimsubiri, na mambo hayo mawili huwezi kuyafanya kwa pamoja. Nimejaribu, hayafanyiki.

Ndipo nikaenda mahakamani kuomba atambuliwe kuwa amefariki. Sikwenda kwa kificho. Nilipiga moyo konde nikamwambia mama mkwe jikoni, akiwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Alipomaliza akasema, "Karatasi ni zako. Mimi usinitie humo." Hakimu alitia sahihi, nikarudi kibandani kwangu nikakaa kwenye cherehani nikamalizia sare za watoto wa watu. Sikulia, na niliona aibu kwamba sikulia.

Baada ya muda manispaa iliamua kujenga ukuta kwenye lango la makaburi, kwa ajili ya wale waliochukuliwa na mto na hawakupatikana. Kila mmoja angepata kibao chake cha chuma chenye jina. Kila jina lilianzia polisi, likapita hospitali, likapita ofisi ya mtaa, likamalizikia mahakamani, na kutoka huko yote yakatumwa ofisi ya makaburi yaandaliwe. Kwa Mama Kifutio, yaani.

Hapa lazima nieleze tabia ya ofisi zetu. Mtu akishakufa, karani hawezi kuandika jina lake likiwa tupu. Anatanguliza "Marehemu". Ni adabu, na hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba kila karani anataka adabu hiyo itoke kwake. Jina likitoka polisi na "MAREHEMU" ya herufi kubwa zote, karani wa hospitali haridhiki, anaongeza "Marehemu" yake. Karani wa ofisi ya mtaa, ambaye huandika kila kitu kwa herufi ndogo kana kwamba herufi kubwa zinakatwa kwenye mshahara wake, anaongeza "marehemu". Mahakama nayo haikubali kupitwa. Na kufuta, hakuna anayefuta. Nani ana ubavu wa kulifuta neno hilo mbele ya jina la mtu? "Ukilifuta si umemfufua?" karani mmoja aliniuliza, na hakuwa anatania sana. Hata mama mkwe wangu, na kifutio chake, alifuta umri, alifuta tarehe, akikasirika alifuta ukurasa mzima, lakini neno hilo alilikwepa.

Basi vibao vya majaribio vikaletwa. Kibao kina nafasi yake, na herufi zikizidi, mashine ya kuchonga inakata. Cha kwanza kilisomeka "MAREHEMU Marehemu marehemu Mareh", kikaishia hapo. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa na bahati kidogo, kilifika kwenye herufi mbili za jina. Mkuu wa ofisi, baba mmoja mpole anayetembea na leso shingoni, alivipanga mezani akavitazama.

"Tumeandika heshima tupu," alisema. "Wenyewe hawamo."

Siku hiyo hiyo alikuja mzee mmoja aliyesikia kwamba vibao vimeanza kutoka. Alivaa miwani, akaviinua kimoja kimoja, akavigeuza na nyuma. "Mke wangu ni yupi hapa?" aliuliza. Alivirudisha mezani taratibu, akashukuru, akatoka.

Mkuu akamwita fundi wa kompyuta. Alikuwa mama mmoja mcheshi aliyebeba mashine yake kwenye mfuko wa sokoni. Alivuta kiti karibu na mama mkwe, nami nikiwa pale pale kwenye benchi na sahani yangu, akatufafanulia kama anayewapa watu njia ya kwenda kwake.

"Naiambia hivi: tazama mwanzo wa jina. Ukikuta 'Marehemu', kata. Tazama tena mwanzo. Ukikuta tena, kata tena. Endelea hivyo mpaka ukutane na mwenyewe."

Akabonyeza. Machache yalipungua, mengi hayakuguswa hata kidogo. Fundi akajipiga paji la uso akacheka.

"Kosa langu. Nimeiandikia neno lenye herufi kubwa mwanzoni tu. Kwake yeye, likiandikwa kwa herufi kubwa zote ni neno jingine, na likiandikwa kwa ndogo ni jingine tena. Mashine haina habari kwamba msiba ni mmoja."

Akaandika upya, huku anatueleza. Safari hii mashine ingelichukua jina pembeni na kulisoma lote kama la herufi ndogo, kwa kulinganisha tu. Ikilitambua neno, inarudi kwenye jina halisi na kukata kipande hicho, ila herufi za jina lenyewe haizigusi, zinabaki jinsi wazazi walivyozitaka. Akabonyeza tena.

Niliona kwa macho yangu. Maneno yale yote yalitoka kwa pamoja, makubwa kwa madogo, na majina yakasogea kushoto yakajipanga kwenye ukingo, tupu. Walikuwa watu. Dakika ile ile niliwatambua wengine: muuza mkaa wa bondeni, dada wawili waliokuwa wakishonesha kwangu, mwalimu wa hesabu. Mkuu alivua leso yake shingoni akaishika mkononi.

"Haya," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Sasa narudisha moja kwa kila jina. Nabonyeza mara moja tu, tumemaliza."

"Usiguse," mama mkwe akasema.

Sote tukamtazama.

"Yale mengine kila mtu aliyaandika ili asilaumiwe. Hili litakalobaki ndilo lenyewe. Haliwezi kutiwa na mashine kama chumvi kwenye chungu. Nitaliandika mimi, jina kwa jina."

"Mama," mkuu akajaribu, "mchongaji anangoja. Mwisho wa wiki lazima ayapate."

"Atayapata."

"Na jina ambalo halitakuwa na neno hilo siwezi kulipeleka, Mama. Ukuta ni wa marehemu."

Aliyasema hayo akitazama sakafu, kwa sababu alijua, kama mimi nilivyojua, ni jina la nani lilikuwa katikati ya yale majina. Mama mkwe alijibu kwamba amesikia. Fundi akakusanya nyaya zake akazitia mfukoni, akatuaga mmoja mmoja kwa mikono miwili.

Kuanzia siku iliyofuata nilimkuta kila mchana akiwa kwenye kazi hiyo. Aliweka kidole kwenye kioo chini ya jina, akalisoma kwa kunong'ona, akaandika neno, akalisoma tena pamoja na neno lake, kisha akashuka. Wengine aliwafahamu. "Huyu alikuwa na mdomo, huyu," alisema kwenye jina la muuza mkaa. "Alinitukana sokoni, nami nikamtukana, tukawa marafiki." Kwa mtoto mmoja mchanga aliyeandikwa jina moja tu, alikaa muda mrefu sana mpaka chakula kikapoa. Nyumbani alirudi na macho mekundu, akasema ni kioo.

Nami nilikuwa na hasira, sitaficha. Niliona anajisogeza polepole ili siku ziishe kabla hajafika kwa mwanawe, halafu aseme muda haukutosha. Nilijua ujanja wake. Siku moja kabla ya mwisho wa wiki, uvumilivu ukaniishia pale pale kwenye benchi.

"Mama, umefika wapi?"

"Naendelea."

"Kwake umefika?"

"Nimesema naendelea. Hii mboga umeitia nini leo?"

"Achana na mboga, Mama. Nataka mahali pa kumpeleka mtoto. Nataka nimshike mkono nimpeleke ukutani, nimwambie gusa hapa, huyu ndiye baba yako. Asipokuwa na kibao nitamgusisha nini? Geti?"

Makarani wa meza za nyuma wakajifanya wanatafuta vitu kwenye makabati. Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Nikiliandika," alisema, "nitakuwa nimemuua mimi."

"Mto ndio uliomuua, Mama."

Hakuna aliyewahi kulisema hilo mbele yake. Nililisikia neno likitoka kinywani mwangu na nikatamani kulirudisha, na wakati huo huo sikutamani. Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Toka," alisema. Nikachukua vyombo vyangu nikatoka.

Usiku huo hatukusemezana, na asubuhi aliondoka kabla sijachemsha chai. Nikafungua kibanda, nikakaa na gauni la bibi harusi wa watu ambalo lilikuwa limenishinda kiunoni. Mkononi nilikuwa na sindano lakini macho yalikuwa ng'ambo. Nilikuwa nimeshaamua: jina lisipopelekwa, nitahama nyumba yake mimi na binti yangu. Niliogopa uamuzi wangu mwenyewe, kwa sababu nje ya nyumba ile sikuwa na mtu.

Kabla ya saa sita nilimwona amesimama kwenye mlango wa ofisi. Hakuita. Aliinua mkono akanipungia nije. Nikaliacha gauni juu ya cherehani nikavuka barabara.

Kwenye kioo majina yote yalikuwa na neno lao, moja kila moja, yamenyooka toka juu mpaka chini. Katikati palikuwa na moja lililobaki tupu. Majina yake matatu: lake, la baba yake, la babu yake. Hakuwa amejisogeza polepole. Alikuwa amewamaliza wote, akamruka yeye tu.

Alikuwa amekiacha kiti chake. Akakigeuza kuelekea kwangu.

"Kaa."

"Mimi, Mama?"

"Mahakamani ulikwenda wewe. Mimi nimekaa hapa toka asubuhi, mkono hauendi. Wewe unalitaka neno hili. Liandike."

Hakusema kwa kunikomoa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo mpaka bega likafa ganzi na anaomba apokewe. Nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nikaweka vidole kwenye vitufe, nikabonyeza M.

Ile M ilisimama mbele ya jina la mume wangu, nami nikasimama nayo. Nilikuwa nimejaza karatasi za mahakama, nimeapa mbele ya hakimu, nimejibu maswali yote bila kigugumizi. Zilikuwa karatasi. Kwa mkono wangu, mbele ya jina lake, sikuwahi kuliweka neno lile hata siku moja. Kwa kinywa changu pia, hata nikiwa peke yangu bafuni, sikuwahi kulitamka pamoja na jina lake. Miaka yote niliyokuwa nikimwona mama mkwe kuwa ndiye anayekataa, mimi nilikuwa nikimsubiri vile vile, ila kwa kelele zaidi. Nikautoa mkono kwenye vitufe nikauficha mapajani.

"Siwezi," nikamwambia.

"Najua," alisema. "Haya, ondoka, mwanangu, nikae."

Tukabadilishana. Alifuta ile M yangu, akavuta kiti mbele, akaandika neno zima mwenyewe, herufi baada ya herufi, bila haraka na bila kusimama. Kisha akalisoma kwa sauti. Hakunong'ona kama alivyofanya kwa wale wengine. Alisoma kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaitia wafiwa dirishani, kavu, inayosikika mpaka nje: "Marehemu," na majina yake yote matatu. Akabonyeza, likahifadhiwa.

Akanigeukia. Alinishika mikono yote miwili, na viganja vyake vilikuwa baridi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole kwa kufiwa na mume."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo. Miaka yote ile, majirani, wateja, hata mama yangu mzazi, hakuna aliyethubutu, kwa kumwogopa yeye.

"Pole na wewe, Mama," nikasema. "Pole kwa kufiwa na mtoto."

Ndipo alipolia. Alikunjamana kwenye kiti akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, nami nikapiga magoti sakafuni nikamkumbatia kiunoni, nikalia pamoja naye. Makarani wa nyuma waliinuka mmoja baada ya mwingine. Walikuja wakapanga mstari mbele ya meza ile, wakatushika mikono, wakasema pole, pole Mama, pole dada, wengine wakilia na wao. Mkuu wa ofisi alikuwa wa mwisho. Alitushika mikono, kisha akaenda kulifunga dirisha la kupokelea watu, akachukua karatasi na kalamu nene, akaandika, akaibandika kwa nje ili kila anayekuja aisome: "Leo hatupokei watu. Tumefiwa."